Mswada wa Mikono

Kwetu Myanga hatukuwa na ishara ya bunge. Tulikuwa na ishara ya mvua, ya jembe, ya ng'ombe aliyekata kamba, ya Jumapili, na ya kila jirani kwa alama yake, lakini bunge halikuwa limewahi kutuhitaji wala sisi kulihitaji. Dada yangu aliugua homa kali kabla hajaanza kusema vizuri. Alipopona, masikio yake yalikuwa yamezimika. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na mama alisema hawezi kumpeleka mtoto mahali ambapo akilia hakuna anayejua analilia nini. Basi tukajitengenezea maneno ya mikono, moja moja, kadiri shida zilivyokuja. Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Nilijua kuongea kwa mikono kabla ya kujua kuongea kwa mdomo, na mpaka leo mdomo wangu huchelewa.

Chifu, kwa mikono yetu, ni kiganja juu ya kichwa, kwa sababu ya kofia yake. Siku nilipotakiwa kumweleza dada habari za bunge, tulikuwa tumeshahamia Kitale, katika chumba kimoja mtaani Tuwan. Niliweka kiganja kichwani, nikatikisa vidole vyote kuonyesha wingi, kisha nikaunganisha mikono kama paa. Machifu wengi ndani ya nyumba moja. Dada alinitazama, akacheka, akauliza nani anawapikia.

Haikuwa habari ya kuchekesha. Bunge lilikuwa limeingia maishani mwetu kwa sababu ya mtoto wake.

Dada aliolewa Kapsokwony, kule juu mlimani. Mumewe alikuwa dereva wa malori. Alianza kurudi mara chache, kisha akaacha kurudi kabisa, na dada akabaki kwa mamamkwe na binti mdogo mgongoni. Yule mtoto alikuwa na masikio mazuri. Mlango ukipigwa na upepo alishtuka. Lakini wakati wenzake walipoanza kusema, yeye aliomba maziwa kwa mikono. Aliita kwa mikono, akaonyesha ndege kwa mikono, na alipokasirika aligeuza uso ili asione unachomwambia, kama dada anavyofanya. Bibi yake akaogopa. Siku moja akamwambia dada aende kwao kusalimia mama yake, apumzike kidogo, mtoto atabaki. Dada aliporudi alikuta lango limefungwa kwa kufuli.

Mama na mimi tulipanda mlima kuuliza. Yule bibi, ambaye nami nilimwita kogo kama mtoto alivyofundishwa kumwita, alitukaribisha chai. Alituambia kwamba hana ubaya na dada, anajua ni mchapakazi.

"Lakini huyu mtoto ana masikio," akasema. "Akikaa na mama yake atakuwa bubu bure."

"Na baba yake ulimzaa na masikio," mama akamjibu. "Sasa mbona akiitwa hasikii?"

Kogo alituongezea chai, lakini mtoto hakutupa.

Ndipo tukaenda kortini. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alisema hawezi kuisikiza kesi bila mkalimani, kwa kuwa mlalamishi lazima aelewe kila kinachosemwa. Nikainua mkono, jambo ambalo si desturi yangu, nikasema mimi nitatafsiri. Akaniuliza ninahusianaje naye. Nikamwambia ni dada yangu. Akatikisa kichwa, akaeleza kwamba ndugu ana upande, na maneno ya mwenye upande hayawezi kuandikwa kama maneno ya mlalamishi. Mkalimani alikuwepo mmoja tu, naye alizungushwa katika korti nyingi. Kila tulipopangiwa siku, yeye siku hiyo alikuwa kwingine. Tuliahirishwa mpaka tukawazoea hata askari wa mlangoni, nao wakatuzoea.

Siku moja, wakati wa kuahirisha tena, hakimu alivua miwani na kutuambia kama anayetupa zawadi kwamba kuna mswada bungeni kuhusu lugha ya ishara. Ukipita, kila korti itakuwa na mkalimani wake. Aliruhusu dada amtembelee mtoto kila mwezi wakati tunasubiri. Kuanzia siku hiyo tuliacha kuisubiri korti, tukawa tunausubiri mswada.

Mimi nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Ni kazi iliyonifaa. Mashine ikinguruma hakuna anayekutarajia useme kitu. Mteja anakuonyesha kwa vidole anataka unga laini au wa kukoboa, nawe unatingisha kichwa. Mchana tulizima injini ili ipoe, na hapo ndipo niliposikiliza redio. Nilijifunza kuisubiri sehemu ya habari za bunge, ambayo watu wengine huitumia kwenda kununua soda. Dada alikuwa akikaanga mandazi kando ya barabara asubuhi, na akimaliza alipitia pale na karai lake kichwani. Alisimama mlangoni, akakunja uso kidogo, akanyoosha kiganja kama karatasi. Karatasi iko wapi?

Nilimwambia imesomwa mara ya kwanza. Redio ilieleza kwamba mara ya kwanza husomwa kichwa chake tu, hakuna mjadala. Dada alifikiri juu ya hilo. Akaniuliza kama ni sawa na kufunua sufuria, kuangalia, na kuifunika bila kuonja. Nikasema ndiyo. Akauliza sasa wanaogopa nini.

Baada ya hapo mswada ulipelekwa kwa kamati, na kamati ikatangaza kwamba itazunguka kukusanya maoni ya wananchi. Ingekuja Bungoma. Mama aliposikia alisema hiyo ndiyo korti yenyewe sasa, twende kwa wenye kutunga sheria, tuachane na wanaoisoma. Akanunua kitambaa kipya cha kichwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona viziwi wengi hivyo mahali pamoja. Wengine walikuwa vijana waliovaa sare za shule, wengine watu wazima wenye suti, na mikono yao ilikwenda haraka, wakicheka kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine bila kelele yoyote. Dada alisimama mlangoni, uso wake ukafunguka. Aliwasogelea. Msichana mmoja alimgeukia na kumwambia kitu kwa mikono, kirefu, kwa furaha. Dada alitabasamu, akasubiri, kisha tabasamu likaanza kupungua. Msichana akarudia polepole. Dada akanitazama mimi. Lakini hata mimi sikuwa nimeelewa neno.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna lugha ya ishara, yenye shule na walimu na vitabu, na kwamba yetu haikuwa hiyo. Yetu ilikuwa ya boma moja.

Mwenyekiti wa kamati alisema angependa kuwasikia viziwi wenyewe, si watu wa kuwasemea tu. Mama akamsukuma dada mbele. Mkalimani, kijana nadhifu mwenye shati jeusi, alisimama kando yake tayari. Na dada, ambaye hakuwa na aibu kama yangu, akaeleza yote. Alieleza lori lililoondoka, lango, kufuli. Alieleza jinsi mtoto anavyoomba maziwa, na akaifanya ile ishara ndogo kama mtoto mwenyewe anavyoifanya, vidole viwili tu. Alieleza hakimu mwenye miwani. Mama alikuwa akilia. Mkalimani hakufungua mdomo.

"Anasema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, hii si lugha ya ishara," mkalimani akasema. Hakusema kwa dharau. Alionekana kuona haya kwa niaba yake. "Ni ishara za nyumbani. Mimi siwezi kuzitafsiri."

Mama akanifinya pajani. Nilisimama, nikapewa kipaza sauti, na sauti yangu ikatoka kwenye spika za ukuta kama ya mtu mwingine. Nilieleza kwa kifupi. Nilikuwa nikisikia jinsi hadithi inavyopungua kila ninaposema sentensi. Mwenyekiti alisikiliza, akashukuru, akasema ni jambo la kusikitisha sana. Kisha akasema kwamba kwa kumbukumbu ya kamati anahitaji kujua jambo moja: je, mama huyu anauunga mkono mswada, au anaupinga?

Nikamgeukia dada. Nikamwuliza kama anaitaka ile karatasi. Akanijibu kwamba anamtaka mtoto. Nikamwuliza tena, akanijibu vilevile, kwa ukali, kama anayeongea na mjinga.

"Anauunga mkono," nikasema.

Ukumbi mzima ukainua mikono juu na kuitikisa. Viziwi hupiga makofi namna hiyo, nilikuja kuelezwa baadaye. Lakini kwetu Myanga kuinua mikono na kuitikisa ni kufukuza ndege kwenye mtama. Dada alitazama mikono ile yote, akainamisha kichwa, akarudi haraka kitini kwake. Nilijaribu kumweleza kwamba wanamsifu. Alitazama mlango mpaka mkutano ulipokwisha.

Tulipokuwa tukitoka, mwalimu mmoja kiziwi alimwandikia mama kwenye simu yake kwamba kuna darasa la lugha ya ishara kanisani Kitale, Jumamosi, na dada angekaribishwa. Mswada ukipita, aliandika, mkalimani atakuwepo kortini, lakini itabidi dada aijue lugha ya mkalimani. Mama alinipa simu nimsomee. Nilisoma, na sikuongeza lolote.

Dada alienda. Alikaa na watoto wadogo na vijana, akajifunza salamu, akajifunza siku na rangi. Walianza kumfundisha herufi kwa vidole, lakini yeye hajui kusoma, na herufi hazikumwambia kitu. Alirudi amechoka, macho mekundu. Mimi nikawa najifunza kutoka kwake ili nimsaidie, na kila ishara mpya iliyoingia tuliipima kwanza na ya zamani. Ishara ya shuleni ya mama haikuwa ile yetu ya kugusa shavu, mahali mama yetu ana kovu. Dada aliikataa. Mama wa watu wengine, alisema, si wetu.

Bungeni mambo yalikwenda kwa namna yake. Siku ya kusomwa mara ya pili, redio ilisema kikao kimeahirishwa kwa kukosa akidi. Nilimwambia dada kwamba machifu walikuwa wachache ndani ya nyumba. Akauliza wengine walikuwa wapi. Hilo nililijua, kwa sababu wikendi hiyo mmoja wao alikuja kwenye mazishi kijijini kwetu, akaongea kuliko mchungaji. Mama alimsubiri karibu na gari lake.

"Mheshimiwa, mswada wa viziwi umefika wapi?"

"Uko njiani, mama. Tunausukuma."

"Mnausukuma na nini, bana, na mimi nakuona huku ukikula kuku?"

Watu walicheka, naye mheshimiwa akacheka pamoja nao, akamshika mama bega. Alisema wamama wa Bungoma ni moto. Kisha kioo cha gari kikapanda.

Mara ya pili ilifika hatimaye, kisha kamati tena, kisha ya tatu. Mchana huo niliposikia kwamba mswada umepitishwa, sikungoja dada aje. Niliiacha mashine nikakimbia hadi kwenye karai lake. Alipoona uso wangu alijua. Alipindua mandazi yaliyobaki kwenye karatasi, akayagawa kwa wapita njia, na siku hiyo tulichinja kuku. Alitaka twende Kapsokwony kesho yake. Nilimwambia asubiri tusikie vizuri.

Tuliposikia vizuri, ilikuwa kwamba mswada sasa umepelekwa kwenye nyumba ya pili ya bunge. Huko ungesomwa mara ya kwanza.

Nilichelewa sana kumweleza. Niliunganisha mikono kama paa, kisha nikaifanya paa nyingine kando yake. Nikachukua karatasi kutoka paa ile nikaitia katika paa hii, nikafunua sufuria, nikaifunika. Alifuata mikono yangu mpaka mwisho. Akauliza kama wale wa nyumba ya pili hawawezi kuwauliza wa kwanza wamesoma nini. Nikasema sijui. Kweli sikujua. Akachukua karai lake akaenda zake, na baada ya hapo hakuwa akisimama mlangoni kila siku.

Wakati huo wote tulikuwa tukipanda mlima kila mwezi. Ile barabara ni ya miinuko, pikipiki inalia kama inayoomba kuachwa, na unafika ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mwanzoni mtoto alikuja mbio akiongea kwa mikono kabla hajafika, ndege, maziwa, nibebe, kila kitu kwa pamoja. Kogo hakumzuia kuja. Lakini mikono ile ilipoanza, aliishika kwa upole ndani ya mikono yake, akamwambia mtoto atumie mdomo. Hakuwa akimwumiza. Alikuwa akifanya kama unavyomfundisha mtoto asinyonye kidole.

Na mdomo ukafunguka. Kila tulipokwenda, mtoto alikuwa na maneno zaidi, ya Kisabaot na ya Kiswahili, na mikono yake ilikuwa na maneno machache zaidi. Alitusimulia habari za mwanambuzi aliyeanguka mtaroni, akicheka, naye dada alikuwa akitazama midomo yake kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. Nikawa ninatafsiri kutoka kwa binti kwenda kwa mama. Safari moja dada alimfanyia ile ishara ya maziwa, vidole viwili. Mtoto aliitazama, akaiga, akaona ni mchezo mzuri. Kisha akaniuliza mimi maana yake ni nini.

Dada hakuhitaji nimtafsirie swali hilo.

Uchaguzi ulipokaribia, redio ilianza kutaja miswada iliyobaki mezani. Mswada wetu ulikuwa kwenye nyumba ya pili, haujasomwa mara ya pili. Mtangazaji alieleza kwamba bunge likimaliza muda wake, mswada ambao haujakamilika hufa pamoja nalo. Bunge jipya haliuendelezi ulipofikia. Anayeutaka auanzishe upya.

Sisi tuna ishara ya kufa. Ni shavu juu ya kiganja, kisha kiganja kinafukiwa. Nilipoifanya, dada aliuliza ni nani aliyeiua karatasi. Nikamwambia hakuna mtu aliyeiua, muda umekwisha, machifu wanarudi nyumbani kuomba kura. Akauliza kama wanajua kwamba mtoto anakua. Nilitaka kumwambia kwamba tuliwaambia, kule Bungoma, mbele ya kipaza sauti. Niliacha mikono yangu chini.

Muda si mrefu hakimu yule wa miwani alihamishwa. Hakimu mpya alitaka kuanza kesi mwanzo, siku ambayo mkalimani atapatikana. Tulirudi Tuwan. Asubuhi iliyofuata dada hakukaanga mandazi. Alifunga nguo zake ndani ya leso, akaniambia nimpeleke Kapsokwony, si kutembelea.

Kwa kogo nilisema yale aliyoniagiza dada. Kwamba ataiondoa kesi. Kwamba hadai mtoto tena. Anaomba tu kazi ya hapo nyumbani, kupika, kukamua, kufua, na pa kulala, hata kama ni jikoni. Mama hakuwa ameambiwa, maana angekataa.

Kogo alikuwa amezeeka tangu siku ile ya kufuli, na mgongo ulikuwa ukimsumbua. Akamtazama dada, si mimi, jambo ambalo watu wachache hufanya.

"Mwambie akuje," akasema. "Kazi ni nyingi, mimi nimechoka. Lakini mwambie hivi: asimrudishe mtoto kwa mikono. Nimemtoa huko na taabu."

Nilimgeukia dada nikamtafsiria yote, na hilo la mwisho pia. Nilidhani atakataa. Alitingisha kichwa kukubali kabla sijamaliza, akaweka leso yake chini kando ya mlango wa jiko, akauliza maji yanachotwa wapi. Mtoto alitoka nyuma ya nyumba akanisalimia kwa mdomo, vizuri, kama watoto wa shule wanavyosalimia wageni. Kisha akamwuliza kogo kama huyu mgeni wa kila mwezi ndiye sasa msichana wa kazi waliyekuwa wakimtafuta. Dada alikuwa ameshainua ndoo.

Mama hajanisamehe. Anasema nilimpeleka binti yake kuwa mtumishi wa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ninapopanda mlima kumwona dada, ninamkuta mnene kidogo, msafi, na anaijua kazi ya nyumba ile kuliko kogo mwenyewe. Binti analala karibu naye baridi ikizidi. Tukiwa nyuma ya boma, mimi na dada, tunaongea, lakini amekuwa mtu wa kujibu kwa neno moja, na mara nyingi mikono yake imeshika kitu.

Bunge jipya limeshakaa. Mwezi uliopita, mchana, injini ikiwa imezimwa, redio ilisema kwamba mbunge mmoja amewasilisha upya mswada wa lugha ya ishara, na kwamba umesomwa mara ya kwanza. Nilinyanyuka kwenye gunia, nikafika mpaka mlangoni. Barabarani palikuwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumwambia. Mteja alikuwa akisubiri na debe lake. Nikarudi ndani nikawasha mashine.